Daktari Mkojo

Jina walilompa mjomba wangu kwa kumcheka lilikuwa Daktari Mkojo, naye aliliitika. Ukimwita hivyo njiani, kule kwetu Dunda, mtaa wa Bagamoyo, alisimama, akakusalimu kwa adabu zote, kisha akakuuliza mkojo wako wa asubuhi ulikuwa wa rangi gani. Aliyekusudia kumwaibisha aliondoka na aibu yake mwenyewe. Mimi ni binti wa dada yake. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, mengine niliambiwa na mama yangu Mwaija, ambaye kwa ajili yake mjomba aligombana na wakubwa wa kazi.

Jina lake la kweli lilikuwa Majaliwa bin Mwinyimvua. Alizaliwa Bagamoyo mwaka Wajerumani na Waingereza walipoanza vita vyao vya kwanza. Baba yake alikuwa na minazi nyuma ya mji. Mama yake, bibi yangu Adija, alikuwa Mkwere wa Miono aliyeletwa pwani kwa ndoa. Huyu bibi sikumkuta, lakini wote waliomjua walinisimulia habari zilezile: mwanamke mwenye kicheko kikubwa, mzima wa afya miezi mingi ya mwaka, kisha bila sababu tumbo linamshika. Si tumbo la kuharisha wala la uzazi. Linakata kama kisu, analia, hali, halali, na baada ya siku chache anazungumza na watu wasiokuwapo chumbani. Haja yake ndogo ilitoka nyekundu iliyoiva. Likipita, limepita, na anarudi kucheka.

Walimpunga pepo wa kila aina. Kila pepo alipewa alichodai, na hakuna aliyeondoka. Katika mfungo wa Ramadhani wa mwaka 1926, mvua za masika zikinyesha, tumbo lilimshika tena, na safari hii miguu ililegea, kisha mikono, kisha pumzi. Alizikwa kesho yake. Wazee wakasema ni pepo wa ukoo, maana hata dada zake huko Miono walikuwa na jambo hilo. Majaliwa alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Aliuliza pepo gani anayebadili rangi ya mkojo. Baba yake alimwambia mambo mengine hayaulizwi. Mama yangu, aliyekuwa mkubwa wake, alisema hapo ndipo alipomwona ndugu yake akikunja uso kwa mara ya kwanza kwa namna ile ambayo baadaye tuliizoea sote: midomo imefungwa, macho yamekazwa, hana ugomvi na wewe, lakini hakubali.

Alikuwa na kichwa cha masomo. Kutoka shule ya serikali ya hapa mjini alipelekwa mbele, na mbele tena, hata akafika Makerere, Uganda, kusomea udaktari. Wakati ule ungeweza kuwahesabu kwa vidole vijana wa Tanganyika waliofika huko. Alijifunza kupasua maiti, kusikiliza kifua, kutazama damu kwa hadubini. Katika kitabu kimoja kikubwa alisoma kurasa chache juu ya ugonjwa unaoitwa porfiria. Alizisoma kama mwanafunzi anavyosoma kitu kinachoweza kuulizwa kwenye mtihani, akageuza ukurasa. Hakumkumbuka mama yake hata kidogo. Mwenyewe alitusimulia hivyo, bila kujipamba.

Aliporudi alipewa cheo cha daktari msaidizi katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Daktari msaidizi maana yake alifanya kazi ya daktari lakini hakutia saini ya mwisho. Saini ilikuwa ya mkubwa wake, Mwingereza mmoja aliyeitwa Daktari Wexley. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wauguzi kwa majina, na alikesha na wagonjwa kuliko wengine. Kosa lake ni kwamba alikwisha kumaliza kujifunza.

Mwaka 1944, katikati ya mfungo, mama yangu alishikwa na tumbo. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu nilipelekwa kwa jirani na nikaambiwa nisirudi nyumbani mpaka niitwe. Baba yangu, Bwanausi, alikuwa dereva wa lori la Taherali, yule Mhindi mwenye duka kubwa karibu na forodha, aliyekuwa akinunua mbata, nazi zilizokaushwa, na kuzipeleka Dar es Salaam. Baba alimpakia mama kwenye lori, akampeleka hospitalini kwa ndugu yake.

Majaliwa hakuwa na zamu katika wodi ya wanawake. Aliyempima mama alikuwa Wexley. Alimbonyeza tumbo, akalikuta laini, hakuna uvimbe, hakuna kitu. Mgonjwa analia, halali. Akaagiza apewe vidonge vya usingizi. Mama akazidi. Akaagiza viongezwe. Siku zilizofuata mama alianza kumwona bibi Adija ameketi ukingoni mwa kitanda, akawa anamsimulia habari za nyumbani. Kisha akashindwa kusimama. Wexley akaandika kwamba mwanamke huyu hana ugonjwa wa mwili, ameharibikiwa akili, apelekwe kwa garimoshi kwenye hospitali ya wendawazimu huko bara.

Jioni hiyo mjomba alikwenda kumtazama. Kwenye dirisha la magharibi palikuwa na chupa ya mkojo wa mama, ambayo muuguzi aliisahau tangu asubuhi. Asubuhi ulikuwa na rangi ya chai hafifu, muuguzi aliapa. Sasa jua lilikuwa limeupiga alasiri nzima na ulikuwa kama maji ya zambarau. Mjomba aliinyanyua ile chupa na kusimama nayo. Mama, pamoja na wazimu wake, aliikumbuka saa ile. Alisema ndugu yake alisimama kimya hata akadhani naye amemwona marehemu mama yao.

Akaenda kukitafuta kile kitabu, akazisoma tena zile kurasa chache. Porfiria ni hivi, alitufafanulia baadaye mara nyingi. Mwili unatengeneza wekundu wa damu kwa hatua, kama mtu anavyosuka mkeka. Kwa watu wengine hatua moja ina kasoro waliyozaliwa nayo. Siku nyingi kazi inakwenda. Ikija shida fulani, inakwama, na zile nyuzi zisizosukwa zinajaa mwilini, zinashika mishipa ya fahamu: tumbo, miguu, akili. Zinazobaki zinatoka kwenye mkojo, na jua likizipiga zinabadilika rangi. Na kitabu kilisema wazi kwamba miongoni mwa mambo yanayoiamsha ni dawa za usingizi.

Asubuhi alimfuata Wexley ofisini.

"Bwana Daktari, mgonjwa wa kitanda cha mwisho ana porfiria. Naomba vidonge visimamishwe leo."

Wexley aliitazama chupa, akairudisha mezani. "Umesoma vizuri, Majaliwa. Lakini huo ni ugonjwa wa Ulaya. Haujaonekana kwa Mwafrika."

"Haujaonekana kwa sababu haujatazamwa."

"Huyu ni dada yako, na huwezi kumpima dada yako kwa akili iliyotulia. Mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa mambo mengi. Garimoshi ni kesho kutwa."

"Na vidonge?"

"Vitaendelea. Hawezi kusafiri akipiga kelele."

Mjomba alitoka. Baba alikuwa nje ya ukuta, amechuchumaa kivulini mwa lori.

"Shemeji," mjomba akamwambia, "gari lina nafasi?"

"Lina magunia matupu. Mbata nimeshusha. Kwa nini?"

"Tunaondoka na Mwaija."

"Wamemruhusu?"

"Hapana."

Baba aliniambia kwamba hakuuliza swali la pili. Waliingia wodini mchana, mbele ya watu wote, wakambeba mama kwa shuka. Muuguzi wa zamu alisimama mlangoni, akasema, "Daktari, mimi nitaulizwa." Mjomba akamjibu, "Sema ni mimi. Litaje jina langu lote." Wakamlaza juu ya magunia, na mjomba akakaa naye nyuma mpaka Bagamoyo, akiwa bado amevaa koti lake jeupe.

Hakuwa na dawa ya kumpa. Alichojua ni kumwondolea ile iliyomdhuru. Mama hakuweza kuzuia chakula tumboni ila maji ya miwa na uji mwepesi wenye sukari nyingi, basi akawa anapewa hivyo kutwa kucha, kwa sababu hapakuwa na kingine kilichokaa. Wiki ile haikwisha kabla hajaacha kuzungumza na bibi Adija. Miguu ilichelewa, na alijifunza kutembea upya akishika ukuta, lakini alitembea.

Kule Dar es Salaam mjomba alikuwa tayari ameitwa. Wexley aliketi na wakubwa wengine wawili. Hawakumpigia kelele. Walimwambia akiri kwa maandishi kwamba alikosea, kwamba mgonjwa alitolewa kwa hisia za kindugu, na mambo yaishe.

"Hisia za kindugu nazikiri," alisema. "Kukosea sikubali. Yuko nyumbani, anakula, anawajua watoto wake. Twendeni mkamwone."

"Wengine hupona wenyewe," Wexley akasema.

"Basi kwa nini mlikuwa mnampeleka bara?"

Hawakumfukuza. Walimpeleka Miono, kwenye zahanati ya udongo ambayo mpaka siku ile iliendeshwa na mfunga vidonda mmoja. Walidhani wamemtupa. Hawakujua kwamba Miono ndiko alikotoka mama yake, na kwamba nusu ya watu waliokuja kufunguliwa majipu pale walikuwa wajomba zake, mama zake wadogo na binamu.

Kutazama rangi peke yake hakukutosha. Kulikuwa na njia mpya ya kupima, iliyotolewa na madaktari wa Amerika miaka ile ya vita: unachanganya mkojo na dawa fulani, ukigeuka mwekundu unatia klorofomu na kutikisa, na kama klorofomu inatuama chini na wekundu unakataa kushuka nayo, huyo anayo. Dawa yenyewe haikupatikana hospitalini kwa mtu aliyekaripiwa. Aliyeileta ni Taherali. Alikuwa amesikia lori lake lilivyotumika, na baba alikuwa akisubiri kufukuzwa. Badala yake Taherali alikwenda Miono mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Daktari, uliniibia gari," alisema.

"Niliiba, Bwana Taherali."

"Mara nyingine niambie mapema, nitatia godoro. Sasa sema unataka nini kutoka Bombay."

Kupata dawa kulikuwa rahisi kuliko kupata mkojo. Watu wa Miono hawakuwa wajinga. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtu, kikiwa mkononi mwa mwingine, kinaweza kufanyiwa ubaya, na hapa mtu alikuwa anakitia ndani ya chupa na kuandika jina juu yake. Aliyesimama mbele kukataa alikuwa mama yake mdogo, bibi Mize, dada wa mwisho wa marehemu Adija na sauti ya ukoo mzima.

"Majaliwa, mwanangu," alimwambia mbele ya watu, "hata ukiyapata unayoyatafuta, utatufanyia nini? Utasema ukoo huu una ugonjwa wa damu. Nani atakuja kuposa hapa tena? Pepo tulikuwa naye, na watu walituoa na pepo wetu."

"Na wakatuzika naye, mama mdogo."

"Kila mtu atazikwa."

Mjomba alichukua chupa, akaingia nyuma ya zahanati, akarudi na mkojo wake mwenyewe, akaupima hadharani. Haukugeuka rangi. Wakacheka, na hapo ndipo jina la Daktari Mkojo lilipozaliwa. Lakini baada ya wiki chache vijana walianza kuja, kwanza kwa mzaha, kisha mama zao. Wengine wakawa na wekundu usioshuka, na hao mjomba aliwakataza dawa za usingizi. Wale ambao mkojo wao ulikuwa safi aliwaambia, "Wewe huna. Nenda."

Hapo alikosea. Ashatu, binti wa bibi Mize, alikuwa amepimwa akakutwa safi. Mwaka 1948 alipata homa ya mapafu, na mjomba akampa ile dawa mpya ya salfa iliyokuwa ikiwaponya watu wa mapafu kila mahali. Kifua kilipoa. Siku ya tatu tumbo likamshika, na mkojo wake, uliokuwa safi tangu alipozaliwa, ukaiva. Mikono ikalegea. Kwa muda mrefu ilikuwa haijulikani kama atavuta pumzi ya kesho. Mjomba hakutoka chumbani mwake. Alimpa maji ya miwa kwa kijiko, kama alivyompa mama yangu, na Ashatu akaishi, lakini mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Alikuwa msusi wa ukili wa mikeka, na hakusuka tena.

Ukoo ulipokutana, wengi walitegemea mjomba atasema ni kudura, au ni pepo, jambo ambalo lingewapendeza hata wao. Alisimama akasema, "Dawa niliyotoa mimi ndiyo iliyomfanya hivi. Mtu anaweza kuwa nayo na mkojo ukawa safi. Sikujua. Sasa najua, na najua kwa mkono wa Ashatu."

Bibi Mize alimnyoshea kidole. "Usikanyage nyumbani kwangu," akasema. Kisha akawageukia wengine. "Nanyi mpeni mikojo yenu. Wote, wazee na watoto. Alichokianza kwa mwanangu hawezi kukiacha njiani."

Mpaka anakufa hakumpikia mjomba tena. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa Miono aliyemkatalia chupa.

Alipokuwa akiwauliza watu habari za ugonjwa wao, lini ulianza, walikuwa wakila nini, jambo moja lilijirudia. Mfungo. Bibi Adija alikufa katika mfungo. Mama alishikwa katika mfungo. Wengi wengine vilevile, na wengine walishikwa mwaka wa njaa, au walipolala na homa bila kula. Ndipo alipoyatazama tena yale maji ya miwa. Alikuwa ameyatoa kwa kukosa kitu kingine, kumbe pengine ndiyo yaliyokuwa dawa. Mwili wenye kasoro ile ukikosa chakula unakwama, ukipata sukari unaendelea. Kitabu hakikumwambia hivyo. Alikwenda Bagamoyo kwa sheikh Mohamedi, aliyemfundisha Kurani utotoni, akamweleza.

"Mgonjwa ameruhusiwa kula," sheikh alisema. "Hilo halihitaji daktari. Lakini hawa unaowataja ni wazima. Nimewaona sokoni."

"Ni wazima mpaka wafunge, mwalimu."

"Kila mtu akifunga anasikia njaa, Majaliwa. Tukifungua mlango huu, nani atabaki ndani?"

"Sisemi njaa. Nasema kifo. Mama yangu ulimswalia wewe."

Sheikh aliomba apewe muda, akavitazama vitabu vyake, akamwita mjomba mara mbili kumhoji upya kama hakimu anavyomhoji shahidi. Mwisho alisema, "Sitalitangaza msikitini. Watu watalichezea. Lakini akija kwangu mmoja mmoja, akiwa na neno lako, nitamwambia ale, na alishe maskini badala yake. Na kama umekosea, Majaliwa, dhambi hiyo iko juu yako."

"Naichukua," mjomba akasema.

Mama yangu alikuwa wa kwanza kwenda kwa sheikh. Mfungo uliofuata alikula mchana, ndani ya ua wetu, kama alivyoagizwa, bila kujionyesha. Hata hivyo Dunda ni Dunda. Jirani mmoja alichungulia, akamkuta na bakuli la uji. "Mwaija, mtu mzima kama wewe, hata haya huna?" Mama alimeza, akajibu, "Haya zangu niliziacha wodini, shoga yangu, walipoandika nipelekwe kwa wendawazimu. Karibu, au umefunga?" Alisengenywa miaka mingi. Hakuwahi kushikwa na tumbo tena mwezi wa mfungo.

Mjomba aliyaandika yote: mama, Ashatu na kosa lake mwenyewe, mfungo, miwa. Wexley alikuwa amepanda cheo, na maandishi ya daktari yeyote wa serikali yalipita kwake kwanza. Alimwita Dar es Salaam, akampa kiti na kumsifu kweli kweli.

"Hii ni kazi nzuri. Nilikuwa nimekosea juu ya ugonjwa wenyewe, na nakwambia hivyo uso kwa uso. Lakini hakuna jarida litakalopokea kitu hiki kutoka zahanati ya Miono. Jina langu likitangulia, litachapwa. Lako litafuata. Na sehemu ya vidonge vya usingizi wodini tutaipunguza, hakuna haja ya kutaja hospitali."

"Hospitali sikuitaja."

"Kila mtu atajua."

"Ndiyo faida yake, Bwana Daktari. Wajue, waache kuwapa."

"Majaliwa, nakusaidia."

"Naona. Lakini mkono uliolegea ni wa Ashatu, na aliyeulegeza ni mimi. Kama jina lako litatangulia, kosa lile nalo litakuwa lako. Unalitaka?"

Mjomba alichukua karatasi zake mezani, akaaga vizuri, akatoka. Zilikaa Miono miaka mitatu bila kuchapwa. Rafiki zake walimwambia anajikomoa mwenyewe. Alisema hajikomoi, anangoja. Likizo yake ndefu ilipofika hakwenda kupumzika. Alikwenda Makerere kwa mwalimu wake wa zamani, akiwa na chupa alizozifunga kwa vitambaa vyeusi ndani ya sanduku la mbao, na safari nzima ya reli na meli ya ziwani alilala ameliegemea sanduku lile. Mwalimu alikuwa na mashine ambayo Miono haikuwa nayo. Alizipima mwenyewe, akamkosoa sehemu mbili, moja ikiwa kubwa: mjomba alikuwa amewachanganya katika kundi moja watu wawili ambao ugonjwa wao ulikuwa mwingine kabisa, wa kutokwa malengelenge juani. Walikaa kuandika upya. Mwaka 1955 ilichapwa kupitia Makerere badala ya Dar es Salaam, jina lake peke yake juu, na shukrani kwa mwalimu chini.

Dunia haikutikisika. Madaktari wachache waliandika kuuliza. Mmoja alimpinga vikali juu ya mambo ya sukari, na wakabishana kwa barua mpaka wakawa marafiki. Wakubwa wapya wa Dar es Salaam walimwambia arudi mjini, cheo kipo. Alikubali kwa sharti moja: asipelekwe mgonjwa yeyote kwenye hospitali ya wendawazimu kabla mkojo wake haujapimwa. Wakasema daktari haiwekei serikali masharti. Akasema basi, na akabaki Miono.

Mwaka 1957 nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Uchungu ulinikuta Dar es Salaam kwa mume wangu, nikapelekwa hospitalini. Mtoto alichelewa, na mimi nilikuwa nimechoka, nimetapika, sina kitu tumboni. Daktari kijana, Mwingereza aliyefika nchini mwaka uleule, aliamua nipewe sindano ya usingizi nipumzike. Mkononi nilikuwa na bangili ya shaba ambayo mjomba aliichongesha kwa fundi, kila mwanamke wa ukoo wetu, hata aliyepimwa akakutwa safi, alikuwa na yake, na wanaume walivaa kipande kama hicho shingoni. Juu yake palichongwa kwa Kiingereza: mwenye hii ana porfiria, asipewe usingizi wala salfa, apewe sukari. Niliunyosha mkono. Muuguzi alisoma, akasita. Daktari alisoma, akasema, "Haya ni mambo ya vitabuni. Geuka."

"Sigeuki," nikamwambia.

"Unaumia bure."

"Naumia, ndiyo. Sindano hiyo sitaki. Niletee maji ya sukari."

Akasema ataagiza nishikwe. Nikamwambia muuguzi, kwa Kiswahili na kwa sauti wodi nzima isikie, kwamba nikidungwa bila ridhaa yangu, mama yangu Mwaija atakuja na lori. Wanawake vitanda vya jirani, ambao hawakujua lori gani, wakaanza kusema, "Mwacheni. Amesema hataki." Mmoja, naye tumbo lake mbele, aliinuka akaja kusimama kando ya kitanda changu. Daktari aliishusha sindano. Nililetewa maji ya sukari, nikanywa jagi zima, na mtoto akazaliwa adhuhuri, analia kwa nguvu.

Kesho yake yule daktari alikuja akaketi kwenye ukingo wa dirisha. Alikuwa amekesha anasoma, macho yalimwonyesha. Aliuliza aliyenichongea bangili ni nani.

"Mjomba wangu. Ni daktari."

"Yuko hospitali gani?"

"Yuko Miono. Nenda mpaka Chalinze, ushike njia ya kaskazini, kisha uulize. Kila mtu anamjua."

Alikwenda, kweli. Alikaa huko likizo yake yote. Mjomba aliniambia kijana hakuwa mbaya, ila siku za mwanzo hakumruhusu kumgusa mgonjwa hata mmoja. Alimpa chupa aoshe.